Mtandao Usiohitaji Hodi, na Majumba Yaliyofungwa Juu Yake

Swali: Mtaalamu, ninasoma mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta. Mhadhiri wetu hachoki kutuambia kwamba intaneti ilifaulu kwa sababu ilijengwa wazi, na kwamba mtu yeyote anaweza kubuni juu yake bila kuomba ruhusa. Mimi sioni hivyo. Mwezi uliopita programu niliyoitengeneza kwa miezi minane ilikataliwa na duka la programu kwa barua ya mistari miwili. Rafiki zangu wote wako kwenye programu tatu au nne, na asiyekuwemo humo ni kama hayupo duniani. Huo uwazi uko wapi? Au ni hadithi ya wazee?

Jibu: Si hadithi, ingawa wazee tunaisimulia kwa utamu kuliko inavyostahili. Wewe na mhadhiri wako mnatazama ghorofa mbili za jengo moja. Yeye anasifu ya chini, wewe umegonga kichwa kwenye ya juu. Ninachotaka kukuonyesha ni kwamba ghorofa ya juu ilifungwa kwa sababu ya namna ile ya chini ilivyoachwa wazi. Waliobuni mtandao waliacha mambo kadhaa bila kuyajenga, mengine kwa makusudi kabisa, na karibu kila walichokiacha kimepata mwenyewe.

Uwazi hauonekani mpaka uuweke kando ya kinyume chake, na kinyume chake ni simu ya zamani. Nchini Marekani, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kampuni ya AT&T ilimiliki nyaya, mitambo ya kuunganisha simu, na hata chombo kilichokaa mezani kwako, ambacho ulikuwa unakikodi tu. Kanuni zake zilikataza kuunganisha kitu chochote kisichotoka kwake. Sasa kulikuwa na kifaa kilichoitwa Hush-A-Phone, kikombe cha kupachika mahali pa kusemea ili walio karibu wasisikie mazungumzo. Hakikuwa na waya wala umeme. Kazi yake hata kiganja cha mkono kingeifanya. AT&T ilikipiga vita hata hivyo, ikidai kinaharibu huduma. Wasimamizi wa mawasiliano waliiunga mkono kampuni mwaka 1955, na ilibidi mahakama ya rufaa iutengue uamuzi wao mwaka 1956. Majaji wenye majoho, mawakili, miaka ya kesi, kwa ajili ya kikombe.

Mwaka 1968 ndipo wasimamizi haohao walipoamua, katika shauri la Carterfone, kifaa cha kuunganisha simu na redio ya upepo, kwamba mteja anaweza kutumia chombo chake mwenyewe mradi hakidhuru mtandao. Modemu zilizokuja kuwaingiza watu wa kawaida mtandaoni zilipita kwenye mlango huo. Weka hilo akilini: hata uwazi wa intaneti ulipanda juu ya uamuzi wa kisheria. Wahandisi wenzangu hupenda kulisahau.

Lakini ubaya wa mfumo ule haukuwa roho mbaya ya mwenyewe. Ulikuwa kwenye umbo lake. Akili yote ilikaa katikati, ndani ya mitambo: ndiyo iliyojua nani anampigia nani, ikawatengea njia yao peke yao, ikahesabu dakika. Simu mkononi haikujua lolote. Ukiwa na wazo jipya, wazo lako lilihitaji mtambo wa katikati ubadilishwe, na mtambo ulikuwa na mwenyewe. Unapiga hodi, unasubiri. Asipoitika, wazo limekufa na hakuna atakayejua kwamba liliwahi kuwapo.

Katika miaka ya 1960 Paul Baran nchini Marekani na Donald Davies nchini Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walifikia wazo la kukata ujumbe vipande vidogo, kila kipande kibebe anwani na kijitafutie njia. Davies ndiye aliyeviita pakiti. Mfaransa Louis Pouzin, kwenye mtandao wake wa CYCLADES mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenda mbali zaidi: mtandao usiahidi kitu. Pakiti ikipotea, imepotea. Kompyuta zilizo kwenye ncha mbili za safari ndizo zihesabu kilichofika na kudai kilichopungua. Vint Cerf na Bob Kahn walilichukua wazo hilo katika andiko lao la mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET, mtandao uliogharamiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani, ukahamia rasmi kwenye TCP/IP, kanuni za mawasiliano zilizotokana na wazo hilo.

Sababu yake iliandikwa vizuri mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Jerome Saltzer, David Reed na David Clark. Chukua faili unalolituma kwa mwenzako. Unaweza kuifanya kila ruta ya njiani, yaani kifaa kinachoelekeza pakiti, ilikague faili hilo kama limeharibika. Sawa. Lakini linaweza kuharibika pia likiwa limeshafika, wakati kompyuta ya mwenzako inaliandika kwenye diski. Kwa hiyo yeye atalazimika kulikagua mwisho wa safari hata hivyo, na akishalikagua, ukaguzi wote wa njiani unabaki kuwa wa kuongeza kasi tu, haumwondolei kazi. Basi ya nini kuitwisha njia kazi ambayo ncha zitaifanya tena? Ni hoja ya fundi anayebana gharama. Hakuna siasa ndani yake, na sidhani walikaa wakijiona wakombozi.

Siasa ilikuja kwenye matokeo. Mtandao wa namna hiyo ni mchukuzi asiyeuliza mzigo una nini. Kichwa cha pakiti kinasema imetoka wapi, inakwenda wapi, na mambo machache ya safari. Hakina mahali pa kuandika kwamba ndani kuna wimbo, hati ya benki au matusi. Na mchukuzi asiyejua abebacho hawezi kukataa aina mpya ya mzigo. Ndiyo maana yote ya "bila kuomba ruhusa". Hakuna aliyetoa ruhusa; hapakuwa na mtu aliyekaa mahali pa kuombwa.

Tazama jinsi ilivyofanya kazi. Mwaka 1971 Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia ARPANET, akaiteua alama ya @, na hakuwa ametumwa na mtu kufanya hivyo. Mwaka 1989 Tim Berners-Lee aliandika pendekezo la Wavuti, yaani kurasa zinazounganishwa kwa viungo juu ya intaneti, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mwaka uliofuata alikuwa na seva moja na kivinjari kimoja vinavyofanya kazi. Hakuna ruta hata moja duniani iliyobadilishwa ili Wavuti ipite. Waendesha mitandao hawakupewa taarifa. Kwao zilikuwa pakiti kama pakiti nyingine. Kisha mwaka 2003 ikaja Skype, watu wakaanza kupigiana simu nje ya nchi juu ya nyaya za kampuni zilezile zilizokuwa zinawatoza kwa dakika. Hapo kampuni za simu zikatanabahi kwamba zinambeba mshindani wao mgongoni.

Kulikuwa na uwazi wa pili, wa sheria za mchezo zenyewe. Aprili 1969 mwanafunzi aitwaye Steve Crocker alipewa kazi ya kuandika kumbukumbu za kikundi chao cha kupanga kanuni za ARPANET. Alihofu kwamba wakubwa watawaona wanafunzi wanajitwalia mamlaka, kwa hiyo akaziita nyaraka hizo "maombi ya maoni". Amesimulia mwenyewe kwamba ile ya kwanza aliiandikia bafuni usiku, asiwaamshe wenzake. Leo zimepita 9,000, jina ni lilelile, na kila moja unaweza kuisoma bure. Kikundi kinachozitoa tangu mwaka 1986, IETF, hakina kadi ya uanachama. Mwaka 1992 David Clark alilisema lengo lao kwa maneno yanayonukuliwa mpaka leo: tunakataa wafalme, marais na kura, tunaamini makubaliano ya jumla na programu inayofanya kazi. Katika mikutano yao, badala ya kunyoosha mikono, watu huvuma kwa midomo iliyofumbwa, na mwenyekiti husikiliza upande upi umevuma zaidi. Inachekesha ukiiona mara ya kwanza. Ila usidanganyike: mlango u wazi kwa wote, lakini wengi walio chumbani wamelipiwa safari na waajiri wenye biashara zao.

Bei nayo ilikuwa na nafasi yake. Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuwa na mfumo wa kutafutia nyaraka mtandaoni uitwao Gopher tangu 1991, wenye menyu nadhifu, na kwa muda ulikuwa maarufu kuliko Wavuti. Mapema mwaka 1993 chuo kikatangaza kwamba baadhi ya wenye seva za Gopher, hasa wafanyabiashara, watatakiwa kulipia leseni. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN ikatangaza kwamba programu za Wavuti ni mali ya umma, bila malipo kwa yeyote. Watu walihama. Picha ndani ya kurasa zilichangia pia, sikatai, lakini hofu ya ankara ya kesho inamfukuza mbunifu kuliko ankara yenyewe.

Mpaka hapa mhadhiri wako ameshinda. Sasa tuje kwako.

Katikati palipoachwa patupu, uhuru haukuwa kitu pekee kilichobaki. Zilibaki pia kazi ambazo hakuna aliyezifanya. Nitakutajia zile zilizozaa majumba unayolalamikia.

Kwanza utambulisho. Anwani ya intaneti inasema kompyuta iko wapi kwenye mtandao. Haisemi ni nani amekaa mbele yake. Kwa hiyo kila tovuti ikatunga majina na manywila yake, watu wakachoka, na zikajitokeza kampuni mbili tatu zikisema: ingia kwa akaunti yetu, tutakudhamini kwa wengine. Kitambulisho chako cha mtandaoni kikawa mali ya mtu.

Pili, kutafuta. Hili watu wachache huligundua. Berners-Lee aliamua kwamba kiungo cha Wavuti kiwe cha upande mmoja. Naweza kuelekeza kwenye ukurasa wako bila wewe kujua, na ukiufuta, kiungo changu kinabaki kinaning'inia. Mifumo mingine ya maandishi yaliyounganishwa iliyotangulia ilitaka viungo vya pande mbili, safi, visivyovunjika. Lakini kiungo cha pande mbili kinahitaji pande mbili zikubaliane, yaani hodi. Yeye akachagua kuvunjika, na alichagua vyema, maana bila hivyo Wavuti isingekua. Lakini kuna gharama. Ukurasa haujui nani ameuelekezea. Anayeweza kujua ni yule tu atakayezunguka Wavuti nzima na kuandika orodha ya viungo vyote. Larry Page na Sergey Brin walifanya hivyo, wakagundua kwamba orodha hiyo inaonyesha ukurasa upi unaaminiwa na wengine, na mwaka 1998 wakaanzisha Google. Utajiri ule wote ulitokana na daftari ambalo Wavuti yenyewe haikuwekewa.

Tatu ni malipo, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu naamini ndipo jamii ilipoumia zaidi. Umeshaona namba 404 ukurasa usipopatikana. Kwenye orodha hiyohiyo ya majibu ya seva kuna 402, maana yake "malipo yanahitajika". Imo tangu miaka ya 1990, na maelezo yake rasmi yanasema imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Kiti kiliwekwa, na kwa miaka mingi hakuna aliyekikalia.

Linganisha na Minitel. Kuanzia mwaka 1982 shirika la simu la serikali ya Ufaransa lilisambaza vifaa vidogo vyenye kioo na vibonye, na wananchi wakawa wanatafuta namba za simu, wanakata tiketi, wanasoma habari na kuzungumza na wasiowajua, miaka kabla ya Wavuti. Sisi watu wa intaneti tumezoea kuicheka: mfumo wa serikali, wenye mlango mmoja, uliozimwa tarehe 30 Juni 2012. Ni kweli kwamba katikati yake palikuwa na mwenyewe, na haukuweza kukua nje ya mawazo yake. Lakini ulikuwa na kitu ambacho intaneti haijawahi kukipata. Kuanzia mwaka 1984 mtumiaji aliweza kuingia kwenye huduma bila kujisajili na bila kadi, dakika zake zikahesabiwa kwenye ankara ya simu, na shirika likamgawia mwenye huduma fungu lake. Mwandishi wa gazeti au mtengeneza mchezo alilipwa siku ya kwanza. Msomaji hakulazimika kujitaja.

Kwenye intaneti mtengenezaji alipata uhuru wa kuchapisha na hakupata njia ya kulipwa senti chache. Kadi za benki zilikuwa na gharama kubwa mno kwa malipo madogo, na watu waliogopa kuandika namba zao. Akaja mtangazaji akasema: nitalipa mimi. Na mtangazaji, tofauti na shirika la simu la Ufaransa, alitaka kujua ni nani anayesoma. Ufuatiliaji unaolalamikiwa leo, kurasa zinazobuniwa ili zikung'ang'anie, habari zinazopimwa kwa hasira zinazoamsha: mengi ya hayo yanatokana na jambo hili moja, kwamba mchukuzi hakupewa mfuko wa kukusanyia nauli. Sisemi kwamba angepewa. Angekuwa na mfuko, angeanza kuuliza mzigo una thamani gani. Nasema tu kwamba tulilipa.

Usalama nao uliachwa kwenye ncha, na ncha hazikuwa tayari. Mwaka 1978 tayari mfanyakazi mmoja wa kampuni ya kompyuta alikuwa ametuma tangazo kwa mamia ya watu wa ARPANET kwa mkupuo. Barua taka ina umri unaokaribia wa barua pepe. Hata njia zenyewe ziliegemea imani: mwezi Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan, katika jitihada za kuifungia YouTube ndani ya nchi, ilitangaza kwa bahati mbaya kwa dunia nzima kwamba yenyewe ndiyo njia ya kwenda YouTube, na ruta za mbali zikaamini. Ilichukua kama saa mbili kurekebisha.

Barua pepe inafaa uitazame kwa makini, kwa sababu ndiyo mfano wa kitu kilichobaki wazi na bado kikakusanywa na wachache. Itifaki yake ya mwaka 1982, yaani kanuni za kubadilishana barua, inamruhusu yeyote kuwa na seva. Mimi niliendesha yangu kwa miaka mingi, kwa ubishi zaidi kuliko kwa haja. Siku moja barua zangu zikaanza kupotelea kwenye kapu la taka la mtoa huduma mmoja mkubwa. Nilifuata kila kanuni ya kuthibitisha mtumaji, nikajaza fomu, nikasubiri. Hakuna aliyejibu. Baada ya miezi nikahamia kwa mtoa huduma mwingine mkubwa, na barua zikafika siku hiyohiyo. Hakuna kanuni iliyonikataza. Ni kwamba wenye masanduku mengi ya barua ndio wanaoamua nani anaaminika, na mdogo hana historia ya kutosha ya kuaminiwa. Lakini, na hili ni kubwa, niliondoka na jina langu la kikoa, ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, na hakuna rafiki hata mmoja aliyenipoteza. Jaribu kuondoka hivyo kwenye programu zako tatu au nne.

Hazina ile, orodha ya nani anamjua nani, ndiyo ya mwisho iliyoachwa bila itifaki. Kila mtu anafuata waliko watu, na kadiri wanavyojaa ndivyo wa nje anavyozidi kupotea. Simu zina tabia hiyohiyo, ila sheria ziliilazimisha mitandao ya simu ipokee miito ya wenzao. Programu za ujumbe hazikulazimishwa, kwa hiyo zilijenga kuta.

Sasa ile barua ya mistari miwili. Hoja ya akina Saltzer ilipeleka nguvu kwenye ncha. Walidhani, na kila mtu alidhani, kwamba ncha ni yako: kompyuta uliyoinunua, unayoweza kuiendeshea programu yoyote. Ulipofika mwezi Julai 2008 na Apple wakafungua duka la programu za iPhone, ncha ikapata mwenyewe mwingine. Mtandao haukubadilika hata kidogo. Pakiti bado zilipita bila kuulizwa. Lakini mlinzi alihama kutoka katikati ya njia akaja kusimama mlangoni kwako, ndani ya kifaa chako, na akaleta sababu nzuri, kwa maana simu iliyojaa virusi haina faida kwa mtu. Wewe ulikataliwa pale. Ukitaka kumlinganisha na mtu katika historia, ni yule aliyekipinga kikombe, tofauti ikiwa kwamba huyu anachukua pia asilimia ya mauzo.

Na usidhani ghorofa ya chini imebaki kama ilivyokuwa. Anwani za zamani za intaneti ni takriban bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa Februari 2011. Muda mrefu kabla ya hapo watu walishaanza kuficha kompyuta nyingi nyuma ya anwani moja, kwa visanduku vinavyochungulia ndani ya pakiti kuliko ruta inavyopaswa. Visanduku hivyo vinatambua TCP na UDP, itifaki mbili zilizozoeleka za kubebea data. Kitu kigeni vinakitupa. Mwaka 2000 ilitolewa itifaki ya SCTP, nzuri kuliko TCP kwa mambo kadhaa, na kwenye intaneti ya kawaida haikufika popote kwa sababu hiyo. Mchukuzi alikuwa ameanza kufungua mizigo.

Iliyofanikiwa ni QUIC, iliyopitishwa rasmi Mei 2021. Inajificha ndani ya UDP na kusimba, yaani kufunga kwa siri, karibu kila kitu, hata taarifa zake za safari, ili visanduku visipate cha kuchungulia. Ni ufundi mzuri. Nimewafundisha watu kwa furaha. Lakini angalia nani aliweza kuijaribu kwanza: Google, waliokuwa na kivinjari cha Chrome upande mmoja na seva zao upande wa pili. Mwanafunzi mwenye kompyuta moja, kama Crocker wa 1969, asingeweza. Kubuni juu ya mtandao bado hakuhitaji ruhusa. Kubuni mtandao wenyewe sasa kunahitaji uwe na ncha zote mbili.

Chini kabisa kuna nyaya, na nyaya hazijawahi kuwa wazi. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Januari 2011 serikali ya Misri iliziagiza kampuni chache zinazounganisha nchi na dunia zijizime, na karibu nchi nzima ikatoweka mtandaoni kwa siku kama tano. Itifaki haikuvunjwa, ilikosa pa kupita. Na mwenye waya hata asipouzima anaweza kupendelea. Mwaka 2007 kampuni ya Comcast ya Marekani ilionekana ikiyavuruga mawasiliano ya wateja waliotumia BitTorrent, mfumo wa kugawana mafaili. Tangu hapo kumekuwa na mvutano kuhusu sheria ya kumzuia mchukuzi asibague mizigo: Marekani waliiweka mwaka 2015, wakaifuta mwishoni mwa 2017, wakairudisha 2024, na mahakama ikaitengua Januari 2025. India mwaka 2016 ilikataza kutoza bei tofauti kulingana na unachokitazama. Msimamo wangu ni wa India. Intaneti ya bure inayokupeleka kwenye tovuti zilizochaguliwa na mtu mwingine ni duka la programu lingine, limevaa nguo za msaada.

Je, kuta za juu zinaweza kufunguliwa? Zinaweza, kwa njia ileile iliyofungua simu. Umoja wa Ulaya una sheria ambayo tangu Machi 2024 inawalazimisha walinda-lango wakubwa kuruhusu maduka mengine ya programu, na programu kubwa za ujumbe kupokea wenzao wadogo wanaoomba kuunganishwa. Kazi ya kiufundi ni ngumu kuliko wanasiasa wanavyofikiri: ukiunganisha mifumo miwili iliyosimbwa, lazima ujue funguo za nani ni za nani, na barua taka itaufuata mlango huo mara moja. Kuna pia itifaki ya wazi ya mitandao ya kijamii, ActivityPub, iliyopitishwa mwaka 2018, ambayo mtandao wa kijamii wa Mastodon unaitumia. Nilidhani itakwama. Imekwenda mbali kuliko nilivyotarajia, ingawa rafiki zako hawako huko.

Kwa kazi yako ijayo, kabla ya kuandika mstari wa kwanza, chora njia kutoka kwenye programu yako hadi kwenye kioo cha mtumiaji, na uweke alama kila mahali ambapo mtu anaweza kusema hapana. Ukipitia Wavuti utapata alama kadhaa: msajili wa jina la kikoa, mwenye seva, mtoa cheti cha usalama, kivinjari. Lakini watatu wa kwanza unaweza kuwabadilisha kwa siku chache, na vyeti siku hizi vinapatikana bure. Ukipitia dukani, alama ni moja, na kwenye baadhi ya simu huna pa kuizungukia. Ikiwa programu yako haihitaji vitu ambavyo simu huvinyima vivinjari, iandike upya kama tovuti inayoweza kuhifadhiwa kwenye kioo cha nyumbani cha simu. Miezi minane haitapotea yote; sehemu ya seva itabaki ilivyo.

Na ile barua usiiache hivihivi. Maduka makubwa mawili ya simu yote yana utaratibu wa rufaa. Jibu kwa ufupi, omba wakutajie kifungu ulichokivunja kwa namba yake, na uambatishe picha ya sehemu ya programu unayodhani imewatia shaka.